Trela la boti lisilo na namba ya chesi: liachwe tupu au ligongwe namba?

Chukua trela moja la boti lililochomelewa nyumbani huko Marekani. Likiwa tupu lina ratili 1,000, yaani kama kilo 454, na limejengwa kubeba boti na injini zenye ratili 3,500. Florida hutazama uzito wa trela tupu: chini ya ratili 2,000 halidaiwi hati ya umiliki (Kenya wangeiita logibuku, Tanzania kadi ya gari), linapewa usajili na bamba tu. Texas hujumlisha trela na mzigo wake. Jumla ni ratili 4,500, na kwa kuwa imepita 4,000, hati ni lazima. Ukigeukia breki, mambo yanapinduka. Florida inazidai jumla inapozidi ratili 3,000, lakini Texas inakuvumilia hadi 4,500. Kwa hiyo chuma hichohicho Texas kinadaiwa hati lakini hakidaiwi breki, na Florida ni kinyume chake.

Ndani ya tofauti hiyo kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu namba ya chesi. Matrela ya kiwandani, tangu ya mwaka 1981, huja na namba ya herufi na tarakimu 17, isiyotumia kabisa herufi I, O wala Q kwa sababu hufanana na 1 na 0. Nafasi ya tisa ni ya ukaguzi: hupatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile nyingine, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi hujifichua yenyewe. Anayechomelea uani hana msimbo wa kiwanda, na namba halali ataipata kwa jimbo tu. Swali ni kama jimbo limlazimishe kuichukua.

Wanaosema aachwe wana hoja nzito. Trela dogo la kubebea boti ya alumini ni fremu, ekseli, magurudumu mawili na winchi. Kulipeleka kwa askari likakaguliwe kuna kichekesho chake: halina bamba, na bila bamba haliruhusiwi barabarani, kwa hiyo ama uombe kibali cha muda ama ulipakie juu ya trela jingine. Baada ya hapo kuna foleni ya ofisi ya kaunti, ambako karani anaweza kuwa hajawahi kuona ombi la namna hiyo akakurudisha kwa sababu fomu haina namba, wakati namba ndiyo uliyoifuata. Ukijumlisha siku za kazi zilizopotea, gharama inaikaribia bei ya vyuma vyenyewe. Kwa trela la ratili mia tatu hivi, huo ni usumbufu usio na maana.

Upande wa pili huanza na wizi. Trela la boti huachwa tupu kwenye maegesho ya ngazi ya kushushia boti, mwenyewe yuko majini saa nyingi, na kuliondoa ni kazi ya dakika mbili. Likipakwa rangi nyingine na kubadilishwa bamba, askari atakayelisimamisha hana cha kuuliza kwenye kompyuta. Florida huandika kwenye karatasi za matrela kama haya namba inayoanza na herufi NOVIN, lakini namba hiyo inakaa karatasini. Chuma kikiwa tupu, karatasi inaweza kuwa ya trela lolote.

Na neno "la kutengenezwa nyumbani" lenyewe ni kichaka. Trela la kiwandani lililoibwa, likisagwa namba, hugeuzwa "la nyumbani" kwa kusaini taarifa ya mjenzi. Ndiyo maana mkaguzi anayejua kazi yake hahangaiki sana na taa. Huinama kwenye ulimi wa trela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, kutafuta matundu manne ya riveti yaliyokaa kwa mstatili, kivuli cha kibandiko kilichong'olewa, au sehemu iliyosagwa na grainda bila sababu. Uchomeleaji ukiwa sawa kama uzi wa cherehani kila mahali na matundu yote yamekatwa kwa mashine, ataomba risiti za vyuma, na hapo wengi hukwama.

Tatizo la ubishi huu ni kwamba pande zote mbili zimefunga kwenye furushi moja vitu viwili tofauti: namba iliyo kwenye chuma, na hati ya umiliki. Hati kwa trela dogo ni mzigo kweli. Namba si mzigo hata kidogo, maana ni vyuma vya kugongea herufi vya milimita 6, nyundo, na robo saa. Jimbo linaloacha hati kwa matrela mepesi linafanya busara, lakini likiacha chuma bila namba limeokoa kidogo na kupoteza kingi. Hata pasipolazimishwa, omba namba pale jimbo linapoitoa, na pale lisipoitoa gonga angalau alama yako mahali pawili pasipoonekana, upige picha.

Utaratibu wa kazi ndio unaowaangusha watu. Anza na risiti kabla ya kuchomelea: bomba za chuma, ekseli, springi, vitovu vya magurudumu, kikombe kinachoshika mpira wa chuma wa gari linalovuta, matairi, kila moja ikiwa na tarehe na jina la muuzaji. Kifaa kikuukuu kilichonunuliwa kwa mtu kiwe na karatasi ya mauziano iliyosainiwa. Pima uzito trela likiwa limekamilika, na winchi, tairi la akiba na mbao zake, tena likiwa kavu. Mbao zenye zulia zikitoka majini hubeba maji mengi, na bomba zisizo na tundu la kutolea maji hubeba zaidi. Mizani ya malori kwa kawaida husoma kwa hatua za ratili 20, kwa hiyo aliye karibu na mpaka wa Florida wa 2,000 asitegemee bahati. Wapo wanaopima kabla ya kufunga vifaa ili wabaki chini. Siku ya ajali bima inaweza kulipima trela tena.

Kugonga namba nako kuna mtego. Trela la maji ya chumvi huchovywa zinki, na namba ya jimbo huja baada ya trela kukamilika. Kwa hiyo acha eneo bapa upande wa kulia wa ulimi, mbele ya nguzo ya winchi. Namba ikifika, gonga kwa kina kupita zinki hadi kwenye chuma, kisha funika kwa rangi yenye zinki nyingi. Kibati cha alumini chenye riveti za chuma usikitegemee peke yake: kwenye chumvi metali hizo mbili hulana, na baada ya misimu michache yanabaki matundu manne, yaleyale yanayomtia mkaguzi shaka.

Kwenye fomu ya kuomba hati, Texas 130-U na Florida 82040, kosa linalojirudia ni kujaza namba isiyo ya trela. Kibandiko cha ekseli kina namba yake, ya ekseli tu. Namba ya tairi inataja kiwanda na wiki ya kutengenezwa. Namba ya boti, yenye herufi na tarakimu 12 tangu mwisho wa 1972, iko nyuma kulia kwenye boti na haihusiani na trela hata kama viliuzwa pamoja. Ikiingia kwenye rekodi, kuifuta ni kazi kuliko kuomba upya.

Trela la kiwandani lililopoteza kibati lina njia yake, na njia hiyo si kulibatiza kuwa la nyumbani. Safisha ulimi pande zote kwa brashi ya waya, weka karatasi na usugue kwa chaki, tafuta usajili wa zamani wa aliyekuuzia. Ikishindikana, Texas ina hati ya dhamana: unanunua dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya trela, inakaa miaka 3, na mwenye mali halisi akijitokeza ndani ya muda huo dhamana ndiyo inayomlipa. Ni ghali kuliko kusaini uongo, lakini kuondoa au kubadili namba ya chesi ni kosa la sheria ya shirikisho, kifungo hadi miaka 5.

Anayenunua trela la Florida lisilo na hati ili alipeleke Texas adai nakala ya usajili, karatasi ya mauziano na ile risiti ya mizani. Muuzaji akisema zimepotea zote tatu, mnunuzi alipie boti peke yake.