Nani Aliona Yule Paka?

Ile video iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa tatu usiku, Septemba 2024, usiku wa kuamkia mdahalo wa Donald Trump na Kamala Harris. Kundi letu lina Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi tunaoishi hapa Columbus, Ohio. Humo tunapeana habari za misiba, za kazi maghalani, na za nani kaleta unga wa muhogo. Video ilionyesha polisi wakimkabili mwanamke mmoja, na chini yake mtu kaandika: "Wahaiti wa Springfield wanakula paka wa watu. Ushahidi huo."

Springfield si mbali na kwangu. Unashika barabara kuu ya 70 kuelekea magharibi, saa moja hivi umefika. Nikauliza kundini: "Jamani, nani ameona?" Akanijibu mzee mmoja tunayemheshimu sana, mtu aliyesimama nasi kwenye mazishi na harusi zetu zote: "Mwanangu, lisemwalo lipo." Nikamwandikia: "Shikamoo mzee. Na aliyeona ni nani?" Akaitikia marahaba, swali akaliacha palepale.

Nimelifikiria jibu lake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Methali ile ina mkia: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tumelelewa nayo. Nyumbani Tanga nilipokuwa mdogo tuliambiwa habari za mumiani, watu wanaokamata wenzao usiku na kuwatoa damu, na hapakuwa na mtoto aliyethubutu kuuliza ni nani aliyetolewa damu, jina lake, nyumba yake. Ilitosha kwamba inasemwa.

Sasa tazameni lile la Springfield lilivyosemwa. Yule mwanamke wa kwenye video hakuwa Mhaiti wala hakuwa Springfield. Ni Mmarekani, aliyekamatwa Agosti mwaka ule mjini Canton, upande wa pili wa jimbo, zaidi ya kilomita 200 kutoka Springfield. Na uvumi wenyewe ulianzia kwenye kundi la Facebook la wakazi, ambako mtu aliandika kwamba jirani yake kamwambia kuwa rafiki wa binti yake kapotelewa na paka, kisha akamkuta kwa Wahaiti. Hesabuni: mwandishi, jirani, binti, rafiki. Waandishi wa habari walipomfuata, yule aliyeandika alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuona chochote, na akasema anajuta.

Lakini kufikia hapo maneno yalikuwa yameshafika Philadelphia, kulikofanyika mdahalo. Tarehe 10 Septemba, mbele ya watazamaji wapatao milioni 67, mtu aliyekuwa anaomba urais alisema kwamba Springfield wanakula mbwa, wanakula paka. Mwongoza mdahalo, David Muir, akamwambia kuwa wamewasiliana na meneja wa mji na hakuna taarifa ya kuaminika. Trump akajibu kwamba watu kwenye televisheni wanasema mbwa wao wamechukuliwa. Watu wanasema. Nilikuwa nimekaa sebuleni na mume wangu, na nikasikia ni jibu lilelile la mzee wetu, safari hii kwa Kiingereza, kutoka kwa mtu anayetaka kukabidhiwa jeshi na hazina ya nchi.

Nilipoomba uraia wa Marekani, mtihani wa wakati ule ulikuwa na maswali 100 ya kujifunza. Afisa alikuwa anakuuliza 10, ukipata 6 unafaulu. Swali mojawapo lilitaka utaje jukumu moja ambalo ni la raia peke yake. Majibu yalikuwa mawili: kupiga kura kwenye uchaguzi wa shirikisho, au kutumikia kwenye juri, yaani raia wanaoamua kesi mahakamani. Niliyakariri yote mawili nikiosha vyombo. La kura nililielewa tangu siku ile. La juri sikulielewa mpaka nilipoitwa.

Niliitwa kwenye mahakama ya kaunti, tukakaa raia kumi na wawili, wengi hatukuwa tumewahi kuonana. Jaji alituambia tusitafute habari za kesi mtandaoni, tusizungumze na mtu, hata mume wangu nyumbani. Siku ya pili akapanda shahidi mmoja, mzee wa makamo, kofia kaishika mikononi anaizungusha ukingo wake. Akaanza: "Jirani yangu aliniambia kwamba yule kijana..." Kabla hajamaliza, wakili akasimama akapinga, na jaji akakubali. Shahidi akaambiwa aseme alichokiona yeye. Akanyamaza. Akaizungusha kofia mara mbili, tatu, kisha akasema aliona gari likiondoka, basi. Gari lilikuwa la rangi gani? Hakuwa na uhakika, taa ya barabarani ilikuwa mbovu.

Nilimwonea huruma, maana sikuona kwamba ni mwongo. Aliamini kila neno aliloambiwa na jirani yake. Ila mahakama inajua jambo ambalo sisi kwenye simu zetu tunalisahau kila siku: aliyeambiwa huwezi kumbana kwa maswali, kwa sababu hakuwepo. Ndiyo maana ushahidi wa tetesi hukataliwa. Na uhuru uliokuwa mezani pale ulikuwa wa kijana mmoja tu. Kwenye uchaguzi wa urais kinachoamuliwa ni hatima ya mamilioni, na hakuna jaji wa kusimama akasema hilo usilisikilize. Kazi hiyo inabaki kwa mpigakura mwenyewe, akiwa peke yake jikoni na simu yake. Kwangu mimi huo ndio uzito wa uraia, na ni mzito kuliko kwenda kituoni Jumanne ya Novemba na kurudi na kibandiko cha "nimepiga kura" kifuani.

Simaanishi kwamba Springfield hapakuwa na la kujadili. Mji ule ulikuwa na watu zaidi ya 80,000 mwaka 1960. Kufikia 2020 walikuwa wamebaki chini ya 60,000. Viwanda vilipoanza kuajiri tena, Wahaiti wakaja, wengi wao wakiwa na hadhi halali ya ulinzi wa muda, na kwa makadirio ya mji wenyewe kaunti ilipata wahamiaji kati ya 12,000 na 15,000 ndani ya miaka michache. Kliniki zikajaa, shule zikahitaji wakalimani, kodi za nyumba zikapanda. Mkazi anayelalamikia foleni ya kliniki ana hoja, na hoja yake ina majibu: madaktari zaidi, fedha za jimbo, mafunzo ya udereva. Paka walipoingia, hoja hizo zote zikazikwa. Hata yule mkazi mwenye haki ya kulalamika alinyang'anywa malalamiko yake.

Agosti 2023 dereva Mhaiti asiye na leseni halali ya Ohio aligongana na basi la shule karibu na mji huo, na mtoto wa miaka 11 akafa. Wanasiasa wakalibeba jina la mtoto huyo. Siku ileile ya mdahalo, baba yake alisimama mbele ya makamishna wa mji akasema anatamani mwanawe angeuawa na mzungu wa miaka 60, kwa kuwa hapo kundi hili la wenye chuki lingewaacha wapumzike. Akawataka wanasiasa, kwa majina yao, waache kumtumia mwanawe. Nimeitazama hotuba ile mara tatu. Mtu aliyepoteza kuliko wote ndiye aliyekataa msiba wake ugeuzwe sababu ya kuwachukia majirani.

JD Vance, aliyekuwa seneta wetu wa Ohio na mgombea mwenza wa Trump, alikuwa na nafasi ya kuuliza, na aliulizia. Kwa mujibu wa gazeti la Wall Street Journal, tarehe 9 Septemba mtu wa ofisi yake alimpigia meneja wa mji, akajibiwa kwamba madai hayo hayana msingi. Andiko ambalo Vance alikuwa ameliweka mtandaoni kuhusu madai hayo halikuondolewa. Siku chache baadaye, akihojiwa na CNN, alisema kwamba ikiwa inambidi aunde simulizi ili vyombo vya habari viangalie mateso ya Wamarekani, basi atafanya hivyo. Alijieleza kwamba habari zenyewe alizipata kwa wananchi wake. Hata tukimkubalia, kusikia kwa wananchi ni mwanzo wa kazi ya kiongozi. Anayeambiwa habari hazina msingi kisha akaendelea kuzisambaza ameshaamua ukweli hauna kazi kwake.

Na mkia wa methali ukatimia kwa namna yake. Halikuwepo, likaja. Vikaja vitisho vya mabomu zaidi ya 30, shule zikahamishwa watoto, chuo kikuu kikafundishia mtandaoni, tamasha la tamaduni la mji likafutwa. Vyote vilikuwa vitisho hewa, lakini gavana wa Ohio, Mike DeWine, wa chama cha Republican kama Trump na Vance, ilimbidi apeleke askari wa jimbo wakague shule kila asubuhi. Hapa Columbus, Mkongomani mmoja wa kundi letu aliulizwa kwenye foleni ya duka kama yeye ni Mhaiti. Alisema hapana. Aliporudi nyumbani aliona aibu, akatuambia alitamani angenyamaza, kwa sababu "hapana" yake ilikuwa kama anawatupa wale wengine.

Nisije nikaonekana kwamba natupia mawe upande mmoja. Julai ya mwaka uleule, Trump alipopigwa risasi ya sikio kule Butler, Pennsylvania, nililetewa ujumbe uliosema yalikuwa maigizo ya kutafuta kura. Nilitaka uwe kweli. Niliutuma kwa watu sita kabla hata sijamaliza kuusoma. Kesho yake nikajua kwamba mwanamume mmoja, aliyewahi kuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto, aliuawa pale akiikinga familia yake. Niliufuta ujumbe kwenye simu yangu bila kumwambia mtu. Swali la "nani ameona" nililouliza kundini Septemba, Julai sikujiuliza mwenyewe, na tofauti ilikuwa moja tu: uvumi wa Julai ulinifurahisha.

Kulikuwa na paka mwingine, na huyu alipotea kweli. Mwanamke mmoja wa Springfield alipiga ripoti polisi kwamba huenda majirani zake Wahaiti wamemchukua paka wake, na watu wa Vance wakaitoa ripoti hiyo kwa gazeti lilelile kama ushahidi. Mwandishi akaenda hadi nyumbani kwake. Paka alikuwa amepatikana siku chache baadaye, mzima, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya nyumba yake mwenyewe. Siku ile mwanamke huyo alikuwa amevaa fulana na kofia ya Trump. Alisema alikwenda kwa majirani zake kuwaomba radhi, binti yake akimsaidia kwa programu ya tafsiri kwenye simu.

Niliposoma hivyo nikachukua simu, nikawarudia wale watu sita mmoja mmoja. Wanne hawakuukumbuka kabisa ujumbe wangu wa Butler. Wawili walikuwa wameshaupeleka kwingine.