Majitaka ya Nguo Yasipimwe kwa Macho Pekee

Wakazi wa Arusha tumezoea kuutazama Mto Themi kama mto wa mjini tu, tukisahau kwamba maji yake hayaishii mtaa wa Njiro. Themi huingia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa hulijaza bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako huvuliwa perege na kambale wanaotulisha sisi na jirani zetu wa Moshi na Mwanga. Kwa sababu hiyo nalichukulia suala la majitaka ya viwanda vya nguo kuwa suala la chakula, na ninasikitika kila ninaposikia mtu akisema kwamba maji fulani ni salama kwa kuwa hayana rangi.

Kupaka rangi kilo moja ya nguo huweza kutumia lita 100 za maji au zaidi. Rangi zinazopendwa kwa nguo za pamba hazishiki zote. Kati ya asilimia 10 na 50 yake hubaki majini, pamoja na chumvi nyingi, magadi, kostiki na sabuni. (Mafundi wa batiki wanaofanya kazi uani wanalijua hili vizuri, nao pia wanahitaji kusaidiwa pa kumwaga.) Maji hayo yakifika mtoni, rangi huzuia mwanga, mwani hushindwa kutengeneza oksijeni, na bakteria wanaoozesha taka huimaliza ile iliyokuwapo. Sabuni na kostiki huunguza matamvua, yaani viungo ambavyo samaki huvutia pumzi, ambayo ngozi yake ni nyembamba mno. Matamvua huvimba na kufunikwa na ute, hata samaki akakosa pumzi katika maji ambayo bado yana hewa.

Linaloniumiza zaidi ni habari ya mayai. Perege jike huyatamia mayai yake mdomoni, na vifaranga wakianguliwa huendelea kukimbilia humo humo wanapoona hatari. Muda wote huo maji ya mto hupita juu yao, kwa kuwa mama hawezi kupumua bila kuyapitisha. Ulinzi ambao maumbile yamempa dhidi ya adui wa nje haumfai kitu ikiwa adui ni maji yenyewe.

Sasa nieleze kwa nini macho hayatoshi. Rangi nyingi za nguo ni za jamii ya azo, kundi la rangi za kemikali zinazotengenezwa viwandani. Zikikaa katika bwawa la majitaka lisilo na oksijeni, bakteria huzivunja na maji hung'aa, lakini vipande vinavyobaki ni kemikali za jamii ya amini, ambazo baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe na hata huweza kusababisha saratani. Anayeua rangi kwa klorini naye huweza kuzalisha misombo mingine yenye madhara kwa samaki. Shabu hukusanya rangi na kuizamisha, jambo jema, ila tope lake lazima lipelekwe mahali salama. Usafishaji ninaouamini huanza kwa kusawazisha ukali wa maji, kisha kuyapitisha kwenye hatua isiyo na hewa na baada yake hatua yenye hewa nyingi, ambako amini nyingi huliwa na bakteria. Mwisho yapite taratibu katika ardhioevu ya matete.

Kanuni zetu za viwango vya maji za mwaka 2007 zinataka pH (kipimo cha asidi na alkali) ya majitaka yanayotolewa iwe kati ya 6.5 na 8.5, na oksijeni inayohitajiwa na bakteria kuozesha taka isizidi miligramu 30 kwa lita. Ninaziheshimu namba hizo, na zisimamiwe bila huruma. Hata hivyo, maji huweza kutimiza viwango hivyo viwili na bado yakabeba amini. Ningependa kila kiwanda cha nguo kiweke tangi la vifaranga vya perege kwenye mfereji wake wa mwisho, maji yaliyokwisha kusafishwa yapite humo mchana na usiku. Maabara zinapopima sumu ya maji, kwa kawaida huwatazama samaki kwa saa 96 tu. Hawa wa tangini wakae hadi wakue na kutaga, na mkaguzi anapofika aanzie kwenye tangi hilo kabla ya kufungua daftari.