Wapemba wa Kenya: dago lilitangulia mpaka

Ukisikia mtu wa Kilifi au Kwale akisema Wapemba, watu wa kisiwa cha Pemba huko Zanzibar, walikuja na nyavu za ringi, yaani nyavu za kuzungushia samaki, ujue historia hiyo imekatwa kichwa. Kabla ya ringi kulikuwa na dago, yaani safari ya kuhamia kambi ya uvuvi mbali na kwao. Upepo wa kaskazi ukishika, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia, na wavuvi wa Pemba, hasa wa kisiwa kidogo cha Kojani, huhama na vyombo vyao na kupiga kambi ugenini, pwani ya Kenya ikiwemo, wiki kadhaa, pengine miezi. Upepo wa kusi ukikaribia hurudi. Wapo ambao hawakurudi: walioa, wakajenga, wakazika wazee wao huko huko. Baadhi walikuwepo Kenya kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, siku Kenya ilipopata uhuru.

Ringi nayo isitetewe kijinga. Vijana ishirini na zaidi huzungushia kundi la samaki wavu, kisha huvuta kamba iliyopita kwenye pete za chini mpaka wavu ufunge kama mfuko. Wazamiaji hutangulia kutazama samaki wamelalia wapi. Wavu ukiwa mrefu kuliko kina cha maji, pete hukwaruza matumbawe, wavu hupasuka na mwamba huharibika. Mkondo ukiwa mkali, hasa wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wavu husukumwa chini ya chombo kabla haujafungwa, na samaki wote hutoka. Ndiyo maana maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, na kina kirefu ndiyo mahali pake. Anayeitupa ndani ya miamba anastahili lawama, awe Mpemba au Mdigo.

Lakini lawama haikuishia kwenye wavu, ilifika kwa Mpemba mwenyewe, aliyehesabiwa mgeni. Asiye na kitambulisho cha Kenya hakupata leseni ya uvuvi, hakusajili chombo, hata laini ya simu iliandikwa jina la mwingine. Ukiwa hivyo, utapangaje uvuvi halali? Wapemba wapatao 7,000 walisubiri hadi 2023 ndipo serikali ikawatambua kuwa jamii ya Kenya, vitambulisho vikaanza kutolewa. Kwangu mimi, kilichochelewesha ni kusoma maisha ya mvuvi kwa ramani ya nchi kavu.

Tena kitambulisho hakibadilishi chenyewe jina kwenye usajili wa mashua. Ambaye chombo chake kimeandikwa jina la jirani aandikiane naye hati mbele ya mashahidi mapema, jirani angali hai, kabla warithi hawajaanza kuhesabu mbao.