Ganda moja halionekani

Jumapili iliyopita, chai ikiwa bado nusu kikombe, simu ilianza kutetemeka mezani kama imepandwa na mashetani. Lile kundi letu la WhatsApp la ukoo. Kwa kawaida humo ni michango ya mazishi, picha za watoto waliofaulu PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na shangazi mmoja anayetuma maombi saa kumi na moja alfajiri. Safari hii ilikuwa video. Mpwa wangu, yule aliyetoka hapa Uganda kwenda Texas, Marekani, kusomea uuguzi, amesimama kwenye gereji ya nyumba yake na kaptura, na nyuma yake kuna meza imefungwa mashine ya chuma yenye mkono mmoja wa kuvuta chini, haina tofauti sana na ile ya kukamulia machungwa pale stendi. "Mjomba," anasema, maana ananijua, "na mimi nimekuwa fundi."

Anatengeneza risasi, nyumbani kwake, kwa kujifurahisha.

Niliitazama mara tatu. Kijana anarudi na maganda matupu ya risasi alizokwisha kuzifyatua kwenye uwanja wa shabaha, anayasafisha, anayarudisha umbo lake, anatia kitakoni fataki mpya, kile kidude cha kuwasha baruti, baruti ndani, kichwa juu, na risasi imezaliwa upya. Kusafisha kwenyewe ni ndani ya kidumu kinachozunguka, kimejaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi! Bibi yake kule Tororo anayakokea moto. Baruti anaipima kwa mizani ndogo kama ya muuza dhahabu, kwa kipimo wanachokiita punje, na punje 7,000 ndiyo ratili moja. Kila kundi la risasi analiandika kwenye daftari: tarehe, aina ya baruti, uzito, idadi. Huyu ndiye mtoto ambaye mama yake alikuwa akimfukuza na mwiko ili afanye hesabu za nyumbani.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba video ilikuwa nzuri. Kuna utulivu fulani kwenye mikono ya mtu anayependa kazi yake, awe anashona viatu au anakoroga rangi, na mpwa wangu alikuwa nao. Ingeishia hapo ningemtumia kidole gumba na kumalizia chai yangu.

Kilichoniudhi ni shemeji. Anakaa Ntinda, hapa Kampala, ana bastola ya leseni, na ana hamu kubwa ya kila mtu kujua kwamba ana bastola ya leseni. Harusini koti lake hufunguka lenyewe. Akaandika: "Wenzetu wako mbali. Kwa nini na sisi tusiruhusiwe? Risasi ni ghali, na mwenye leseni si mhalifu." Vidole gumba kumi na moja papo hapo, vingi kutoka kwa watu ambao silaha yao kubwa ni panga la kufyekea migomba.

Sasa naomba wote kumi na mmoja mnisikilize, maana kwenye kundi niliambiwa nisiharibu Jumapili.

Mimi nimekulia kambini. Baba yangu alikuwa sajenti, mtunza stoo ya silaha, katika kambi moja upande wa mashariki ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina ndugu humo. Tuliishi kwenye unipoti, lile pipa la bati ambalo mchana ni tanuri na usiku wa mvua ni ngoma. Kiswahili changu nilikipata humo. Kama kuna mahali kina ukali ambao mwalimu wenu hangeupenda, laumuni jeshi.

Mwaka ni 1993, jeshi la Uganda bado linaitwa NRA, mimi nina miaka tisa. Makuruta thelathini walipelekwa kulenga shabaha, kila mmoja risasi kumi. Baba alitoa risasi 300 stooni, akaandika 300, na jioni alitakiwa kurudisha maganda 300 au risasi nzima zenye kujazia pengo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu hudhani kazi ya mtunza stoo ni kutoa, kumbe ni kurudishiwa. Mwisho wa zoezi kila kuruta husimama mbele ya afande, mifuko imegeuzwa nje, na kusema kwa sauti: "Sina risasi, sina ganda, afande!" Halafu maganda hutiwa kwenye sanduku la mbao na kuhesabiwa moja moja.

Yalihesabiwa. 299.

Yakahesabiwa tena. 299.

Makuruta wakarudishwa uwanjani, wakashuka magoti na viganja, mstari mmoja mrefu, wanapapasa nyasi kama kuku. Saa tisa, hakuna. Saa kumi na moja, hakuna. Posho, yaani ugali, ikaganda jikoni, maharagwe yakaungua, na wake wa askari wakaanza kusogea kuuliza kuna nini. Afisa alikuwa hapigi kelele tena, na hilo ndilo lilimtisha baba, alituambia baadaye. Afisa anayepiga kelele bado ana matumaini. Jua likazama. Nikaona tochi zinawaka, na tochi ya mbele ilikuwa ya baba, amepiga magoti, yeye mwenye umri wa kuwazaa wale makuruta.

Ganda nilikuwa nalo mimi.

Watoto wa kambi mtanielewa. Ganda la risasi ukiliweka kwenye mdomo wa chini na kupuliza, linalia firimbi kali kuliko ya refa. Kila mtoto mkubwa alikuwa na lake, lililookotwa enzi hizo hakuna aliyejua wapi, na mimi sikuwa nalo. Mchana, askari walipokaa kivulini kunywa maji, nilipita ukingoni mwa uwanja nikijifanya natafuta maembe. Lilikuwa bado na joto kidogo. Nililitia kwenye soksi.

Na ujinga wa mtoto ni huu: kambi nzima inatafuta ganda, mimi nimekwenda nyuma ya vyoo kulipuliza. Baba aliisikia ile sauti kutoka uwanjani. Alikuja polepole, bila kukimbia, akanyoosha mkono. Nilimpa. Hakunichapa, ingawa mama alikwisha kuniandalia fimbo. Alinishika mkono hadi kwa afisa, akanirudishia ganda kiganjani, akasema: "Mkabidhi afande." Nikamkabidhi. Afisa akalitia kwenye sanduku, likagonga wenzake, tik, na makuruta thelathini wakaruhusiwa kwenda kula. Nilitembea katikati yao kurudi nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyenitukana. Walikuwa wamechoka mno.

Ganda tupu, jamani. Halina baruti, halina kichwa, haliwezi kumuua hata panya. Lakini ganda ndiyo risiti. Ndilo linaloonyesha kwamba ile risasi ilikwenda ilikotumwa, haikuishia mfukoni mwa mtu na kutoka getini usiku. Ndiyo maana nikimwona mpwa wangu na ndoo ya maganda mia tano kwenye gereji, yeye anaona akiba, mimi namwona baba kwa magoti.

Mtaniambia mpwa naye anahesabu, si ana daftari? Anahesabu, tena vizuri kuliko stoo nyingi. Lakini daftari lake anamwonyesha nani? Kule, mtu anayejitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe serikali ya Marekani haimdai leseni, ila akianza kuuza. Hesabu ni siri kati yake na mizani yake. Kwao wameamua hivyo, ni haki yao, na mtu anayetumia mamia ya risasi kwenye mashindano kila mwezi naelewa kwa nini anabana matumizi. Shemeji wa Ntinda amefyatua risasi ngapi tangu apate ile bastola? Nilimuuliza kwenye kundi. Hakujibu. Nadhani ni sifuri, na namwombea iendelee hivyo.

Hapa kwetu risasi isiyo na hesabu tunajua inakoishia. Mwaka 1979 askari wa Idi Amin walipokimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto, kule Karamoja kaskazini-mashariki, lilibaki wazi na watu wakajichukulia. Wazee wa Karamoja bado wanapanga miaka kwa tukio hilo, kabla na baada. Ilifika mahali risasi ikawa pesa: unalipia pombe kwa risasi, unarudishiwa chenji kwa risasi. Serikali ikaanza kukusanya bunduki huko mwaka 2001, ikarudia 2006 kwa mabavu, na mwaka 2021 ikaanza tena, operesheni ikapewa jina la Kiswahili kabisa, Usalama kwa Wote. Piga hesabu ya miaka hiyo tangu 1979, halafu uniambie tunahitaji mashine ya machungwa sebuleni.

Kuna jambo jingine shemeji hakulifikiria, ingawa anapenda kutuelimisha kuhusu upelelezi. Mtu akiuawa kwa risasi hapa, kitu cha kwanza polisi wanachotafuta barabarani ni maganda. Kila bunduki huliachia ganda alama zake: pini hubonyeza kishimo kwenye fataki, chuma kinachovuta ganda nje hukwaruza ukingo. Baada ya mbunge Abiriga kuuawa kwa risasi mwaka 2018, Rais aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama, kwa hoja hiyohiyo kwamba ganda linaweza kumtaja mwenyewe. Sasa ganda lililopita kwenye bunduki mbili au tatu linabeba mikwaruzo ya zote, huku fataki imebadilishwa. Ni kama shahidi aliyelala kwenye nyumba tatu tofauti kabla ya kesi. Maabara yetu ina kazi ya kutosha.

Haya, nitasema na lile ambalo sipendi kulisema. Majambazi wa Kampala hawatakaa usiku wanapima baruti kwa punje. Wana njia fupi zaidi, na njia hiyo inapita kwenye stoo ambazo mtunzaji wake hapigi magoti. Tena SMG yenyewe, yaani AK-47, bunduki inayotutesa, maganda yake mengi ni ya chuma na kitako chake kina vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati, kwa hiyo ni kero tupu kuyatumia tena. Mtindo huo wa vitundu viwili alibuni Mmarekani, Berdan, na ule wa kitundu kimoja alibuni Mwingereza, Boxer, wote mwaka 1866. Wamarekani wakaupenda wa Mwingereza, na wa Mmarekani ukaenda Urusi. Mpwa ndiye aliyenieleza haya kwa sauti ya dakika saba, na lazima niseme nilifurahi. Kwa hiyo sisemi kwamba mpwa wangu ni hatari. Nasema shemeji anaomba mlango mpya kwenye nyumba ambayo milango ya zamani haijafungwa.

Sheria? Sheria ya Silaha za Moto ni ya mwaka 1970 na haina mzaha. Kutengeneza risasi si jambo la gereji. Risasi zetu za ndani zinatoka kiwanda cha serikali cha Nakasongola, basi. Na kama mmesahau, raia wa kawaida wamefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa sababu ya risasi, hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi iliposema Januari 2025 kwamba haifai, na Bunge likakimbilia kutunga sheria nyingine mwaka huohuo. Hiyo ndiyo nchi ambayo shemeji anataka kuweka kopo la baruti chini ya ngazi.

Na watoto. Kwake kuna watoto wanne, na mmoja ameshameza betri.

Jioni nilimpigia mpwa. Nilidhani atakuwa amekasirika, kumbe alikuwa anacheka. Akaniuliza kama ni kweli ile hadithi ya firimbi, maana mama yake alimsimulia tofauti, eti baba alinichapa hadi nikajificha kwa mchungaji. Nikamwambia mama yake alikuwa na miaka minne, anajua nini. Tukaongea kuhusu babu yake, ambaye kwenye kabati la vyombo aliweka ganda moja kubwa la mzinga, la shaba, alilopewa siku anastaafu, lenye karatasi yake na muhuri. Kila Jumamosi alilisugua kwa Brasso mpaka unaona meno yako humo. Mpwa akasema pengine ndiko alikorithi. Sikuwa na jibu la hilo.

Halafu akasema anakuja Desemba, na zawadi yangu iko tayari: ganda la risasi ya kwanza aliyoitengeneza kwa mkono wake, amelitoboa na kulifanya kishikilia funguo, limeandikwa jina langu.

Nilimuuliza kama jina langu limeandikwa lote au la kwanza tu. Lote, akasema, kwa herufi kubwa. Nikamwambia aliache hukohuko Texas. Ofisa wa uwanja wa ndege wa Entebbe akifungua sanduku na kukuta ganda lenye jina langu kamili, nitatakiwa kueleza lilipo kichwa chake, ilipo baruti yake, na yalipo mengine 299. Aniletee soksi.