Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani naye ni mteja

Usiku mmoja wa Februari ujumbe uliingia kwenye simu yangu: kesho umeme utakatwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, matengenezo ya laini. Mnalijua joto la Dar mwezi ule. Jirani yangu anamuuguza mama yake, aliyeruhusiwa kutoka hospitali na mashine ya oksijeni, na yeye hakupata ujumbe wowote. Mita ya LUKU imesajiliwa kwa namba ya mwenye nyumba anayeishi Morogoro. Aliusoma, akaona haumhusu.

Nilipomgongea jirani asubuhi ilikuwa imebaki kama saa moja. Tukahangaika kutafuta mtungi wa kukodi, bodaboda akakataa kuubeba, tukachukua bajaji. Bibi tulimkuta amekaa kitandani, ameukumbatia mto, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Na saa 11 ilipofika umeme haukurudi. Ulirudi usiku, mtungi ukiwa unaelekea kuisha, na hakuna aliyetutumia ujumbe wa pili.

Sipingi umeme kukatwa. Nguzo zinaoza, transfoma zinazidiwa, na fundi hawezi kupanda kwenye laini yenye moto. Mwaka 2022 ukame ulipopunguza maji mabwawani, mgao ulikuwa haukwepeki. Lakini leo Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Ukataji unaotangazwa kwa ajili ya matengenezo ni kazi iliyopangwa mezani, na hapo mezani ndipo mgonjwa anaposahaulika.

Ninachodai ni orodha. Namba za mita zipo, namba za simu zipo. Kinachokosekana ni swali moja: je, nyumba hii ina mtu anayepumua kwa umeme? Daktari anayemruhusu mgonjwa arudi nyumbani na mashine ajaze fomu, namba ya mita iandikwe, pamoja na simu ya anayemuuguza, si ya mwenye nyumba. Laini hiyo ikipangiwa matengenezo, mtu huyo apigiwe siku kadhaa kabla. Asipopokea, mjumbe wa shina au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aende akagonge hodi. Hawa wanajua nani anaumwa mtaani kuliko kompyuta yoyote.

California wameyapitia haya kwa uchungu. Novemba 2018 nyaya za kampuni ya PG&E ziliwasha moto ulioteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85. Baada ya hapo kampuni ikazidi kuzima umeme kwa makusudi siku za upepo mkali, na Oktoba 2019 ikawazimia wateja zaidi ya laki saba, huku tovuti yake ikielemewa na watu waliotaka kujua kama nao wamo. Hata hivyo orodha ya wateja wenye vifaa vya tiba majumbani ilikuwepo, na wasiopatikana kwa simu walipaswa kufuatwa mlangoni. Nakubali, wengi waliostahili hawakuwa wamejiandikisha. Lakini orodha yenye mapengo huzibwa, isiyokuwepo haizibwi.

Kuna wanaosema mwenye mgonjwa anunue betri. Mashine ya kawaida ya nyumbani inavuta wati 300 hivi bila kupumzika, yaani zaidi ya uniti mbili kwa saa zile nane. Betri na inveta ya kubeba mzigo huo ni fedha ambayo familia nyingi zimeshaiacha hospitali.

Wenye kisukari wakijua mapema wanaweza kujipanga: insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, na friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa kadhaa. Wazee na vichanga walio chini ya bati bila feni wangesaidika sana kama kazi ya mwezi wa joto ingeanza alfajiri ikaisha kabla ya adhuhuri.

Orodha hiyo itachukua muda, najua. Kwa hiyo wenye nyumba mnaosoma hapa, nawaomba: ujumbe wa kukatwa umeme ukiingia kwenye simu yako, mtumie mpangaji wako saa ile ile, hata kama hujui kama ana mgonjwa ndani.