Pasaka Iliyokwama Kwenye Aya ya 48

Nataka ijulikane mapema kwamba hakuna aliyeniambia nikomee wapi. Niliambiwa, "Ndugu, utusomee Kutoka 12," nikasoma Kutoka 12. Sura hiyo ina aya 51. Aliyetaka 14 angesema 14.

Ilikuwa Alhamisi Kuu ya mwaka 2024, kanisani kwetu Kondele, Kisumu. Mchungaji alikuwa amerudi kutoka ziara ya Israeli na pembe ya kondoo dume, akawa anaipuliza kila Jumapili mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeanza kufuga. Ndipo akatangaza kwamba mwaka huu tutakula Pasaka kama alivyoila Yesu mwenyewe: mnyama wa kuchoma, mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, vikombe vinne vya divai. Kamati ikaundwa kabla ya baraka. Nyama ikitajwa, kanisa letu halicheleweshi kamati.

Mwana-kondoo tulimbadilisha na mbuzi, kihalali kabisa, maana aya ya 5 inaruhusu kondoo au mbuzi. Divai ikawa Fanta nyeusi. Kuhusu mkate, Mama Mchungaji alikuwa amesikia kwamba Wayahudi hawaachi unga ukae na maji zaidi ya dakika 18 kabla haujaingia motoni. Kina mama wakacheka. "Dakika kumi na nane? Hata donge halijapumzika!" Wakaamua kwamba chapati haina hamira, kwa hiyo Wakenya tumekuwa tukila mkate wa Pasaka kila Krismasi bila kujijua. Mboga chungu, ile ya kukumbusha utumwa wa Misri, ikawa osuga, yaani mnavu. Kwa uchungu osuga haina mpinzani, ila hakuna mama wa Kijaluo anayejiheshimu atakayemwekea mgeni osuga chungu mezani. Waliilaza na maziwa usiku kucha, ikawa laini, ikawa tamu, na utumwa wote wa Misri ukaishia sufuriani.

Mgeni tulikuwa naye kweli. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, ni Mbukusu wa Chwele, muuza vitunguu, na alikuja na mwenzake wa biashara kutoka Mbale, ambaye ni Myahudi. Tena si Myahudi wa kujipachika: ni wa Abayudaya, wale wa Uganda wanaoishika dini hiyo tangu 1919. Mchungaji nusura alie kwa furaha. Akamketisha meza kuu, kisha akamuuliza mbele ya watu imekuwaje ameacha nyumba yake usiku mtakatifu kama huu.

"Kwetu bado, Mchungaji," yule bwana akajibu kwa upole. "Mwaka huu kalenda yetu imeongezwa mwezi mzima. Pasaka inaingia tarehe 22 Aprili jioni."

Sisi tulikuwa tarehe 28 Machi. Mchungaji akapuliza pembe.

Kwa heshima mgeni alipakuliwa wa kwanza, mbuzi juu, osuga chini. Akauliza kama ule mchuzi una maziwa. "Mengi!" mama mmoja akamwambia kwa fahari. Maskini, sheria yao haimruhusu kula nyama pamoja na maziwa, na hata huyo mbuzi hakuchinjwa na mtu wao. Akashukuru sana, akajimenyea ndizi.

Mchungaji akasimama, akasoma yale maneno ambayo Wayahudi huyasema usiku huo, kwamba kila mwenye njaa na aje ale. Papo hapo akaamuru mlango ufunguliwe, kama wao wanavyoufungua kwa ajili ya Eliya. Eliya hakuonekana. Walioonekana ni watoto wa mtaa, ambao walikuwa wananusa ule moshi tangu saa nane mchana.

Nami nikaitwa kusoma.

Nilisoma vizuri, acha nijisifu. Pale wazaliwa wa kwanza wanapokufa, mama mmoja alitoa leso. Karibu na aya ya 40 nilimwona Mchungaji akinipungia mkono, nikadhani anataka niongeze sauti. Nikaongeza. Kwa hiyo aya ya 48 ndiyo iliyosikika mpaka barabarani: mgeni akitaka kuila Pasaka, wanaume wake wote watahiriwe kwanza, na asiyetahiriwa asile.

Kwa msomaji wa mbali, Wajaluo kwa mila hatutahiri. Wazee wetu waling'olewa meno sita ya chini, wakaona hilo linatosha.

"Hebu rudia hapo," shemeji akasema. Huyo ni Mbukusu, na 2024 ni mwaka wa shufwa, mwaka wao wa tohara. Tangu Januari alikuwa akitembea kifua mbele. Jaduong' (ndivyo tunavyomwita mzee), mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye alikwisha kulishika paja, akalirudisha sahani polepole, macho yakiwa darini. Vijana wa kwaya ndio waliosogeza viti. Hao kampeni ya tohara ya hiari ya kupunguza Ukimwi ilipoanza Nyanza mwaka 2008 walikuwa watoto, wakakua nayo, wakapitia hemani mmoja mmoja. Ghafla watoa besi wakawa makuhani na wazee wao wakawa watu wa mataifa.

Mweka hazina akakimbilia kwa Paulo: kutahiriwa si kitu, na kutotahiriwa si kitu. Kijana mmoja akamuuliza, basi kama ni Paulo, mbona tumechangishwa pesa za mbuzi wa Musa? Zikaanza kelele. Mama mmoja wa nyuma akapenyeza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: "Na Mchungaji naye je?" Mchungaji akasema hilo ni jambo la kiroho. Mama Mchungaji akaangalia dirishani. Kuhusu mimi msiniulize, mimi nilikuwa msomaji tu.

Ikabidi mgeni aombwe atuamue. Akafuta mikono. "Semei Kakungulu, aliyetuanzisha, naye alianza hivi hivi kwa kusoma Biblia," akasema. "Alipofika kwenye tohara hakufunga kitabu. Alitahiriwa yeye na wanawe, na alikuwa mtu mzima."

Wazee walikunja miguu kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi.

Tulipogeuka kuitazama meza, sinia lilikuwa jeupe. Wale watoto walisikia kwamba mwenye njaa aje, na njaa walikuwa nayo. Hakuna aliyewasomea aya ya 48. Mmoja alikuwa bado anafyonza mfupa.

"Lakini hata hivyo," mgeni akaendelea, kana kwamba hajaona, "hiyo aya inamhusu mnyama wa sadaka. Tangu Hekalu libomolewe mwaka 70, hatumchinji tena. Mezani kwetu mgeni ni mgeni, hakaguliwi."

"Sasa mbona hukusema mapema?" Jaduong' akafoka.

"Mzee wangu, nilikuta mmeshachinja."

Akatualika Mbale kwa ile Pasaka ya Aprili. Jaduong' akataka kujua kama huko huwa kuna nyama. Akaambiwa kuna kuku. Katibu akafungua daftari la wasafiri, na Jaduong' akawa wa kwanza kujiandikisha, ila alisimama pale pale mpaka akaona kwa macho yake mbele ya jina lake limeandikwa "mgeni", kwa wino.