Ukishonwa jeraha uulizwe umepigiwa wapi?

Kule Cardiff, Wales, kuna daktari wa upasuaji wa mataya anaitwa Jonathan Shepherd, yeye aligundua kwamba wengi wanaoletwa hospitali wamepasuliwa uso, polisi hata habari zao hawana. Basi mapokezi wakaanza kuuliza mambo machache tu, umeumizwa wapi hasa, saa ngapi, na kwa kitu gani, ngumi ama chupa ama kisu. Jina halitoki hospitali, yanayobaki wanapewa polisi na manispaa wajue baa gani na barabara gani ya kuangaliwa. Utafiti wa 2011 kwenye jarida la BMJ ulilinganisha na miji mingine 14 inayofanana, ukakuta waliolazwa kwa kupigwa Cardiff wamepungua asilimia 42 kuliko kwengine. Si mchezo.

Sasa tulete hapa Malindi. Mimi naipenda hii kitu, manake saa hizi kinachohesabiwa ni kile kilichofika OB tu, kile kitabu cha matukio cha polisi, na nani anaenda kuripoti chupa aliyopigwa mangweni, kule wanakonywa tembo la mnazi? Hospitali ndio wanaona kila kitu, wakiweka hesabu vizuri tutajua kama shida ni Jumamosi usiku ama ni siku za mishahara.

Lakini sie hapa ukikatwa panga swali la kwanza ni "ushachukua P3?", ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, kwa hivyo kichwani mwa watu daktari na polisi ni nyumba moja. Jirani yangu alipasuliwa kichwa na chupa tukimuona kwa macho, kufika kwa daktari akasema nimeanguka mnazi. Daktari akaandika mnazi. Wakijua maswali yanaenda kwa polisi wataanguka minazi wote, ama wabaki nyumbani na kidonda kioze, na hapo data yenyewe ni uongo mtupu.

Halafu kuna wale wazee wanaoitwa wachawi huku vijijini Kilifi, mara nyingi ukichimba unakuta ni shamba linatakiwa. Wanavamiwa usiku nyumbani kwao, wengine wanakufa kabla ya kuona daktari, sasa hospitali itahesabu nani? Na yule atakayefika, ukiandika "mzee wa miaka 70, panga, kijiji fulani, Jumanne", jina umeficha la nini, kijiji kizima kinamjua na aliyemkata yuamjua zaidi! Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019 lakini haikulindi na mtoto wako mwenyewe anayelitaka shamba.

Kwa hivyo mimi nasema mjini waulize, data ikae kwa watu wa afya wa kaunti, polisi wapewe jumla ya mwezi kwa mtaa, basi. Vijijini isitoke kabisa mpaka ijumlishwe kwa wadi nzima.

Jirani yangu kapona, faili lake mpaka leo lasema mnazi, na yeye kupanda mnazi hajui.